Kitanda cha Dirishani

Nimekosa, na kosa lenyewe nililifanya nikiwa nimelala chali, tumbo limeshonwa, hata kukohoa siwezi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mgonjwa hana nguvu ya kutenda dhambi. Tumbo ndilo lililokuwa linauma. Mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Kuna watu wa mtaa wa Ruashi wanaonijua kwa kosa jingine, ambalo sikulifanya. Nililikiri mbele yao kwa sauti kubwa, wakaniamini, na wamelisimulia miaka na miaka. Leo nataka kusema lile la kweli. Jina langu siandiki. Majina ya wengine nimeyabadilisha, na kitu kimoja au viwili nimevisogeza, maana huku kwetu watu wana macho.

Wakati ule Katanga ilikuwa na bendera yake yenye visalaba vya shaba. Wazungu waliuita mji wetu Elisabethville, sisi tukiuita Lubumbashi kama tulivyozoea. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo. Ndege za ONU, yaani Umoja wa Mataifa, zilipanda na kushuka uwanjani Luano, vioo vya hospitali vikatetemeka, na sisi wanawake wa wodi tulikuwa na mambo yetu wenyewe.

Jambo langu lilikuwa damu. Ilikuja, ikakataa kuondoka, hadi nikawa nikisimama naona giza. Daktari akanipima, akasema kizazi kimejaa vivimbe, kitolewe. Nikamwambia kitolewe. Watoto nilikuwa nimezaa wa kutosha, kizazi kilikuwa kimemaliza kazi yake.

Hapo ndipo ukoo wa mume wangu ulipoingia. Mnajua ilivyo kwetu. Mwanamke akikwama kujifungua, au damu yake ikikataa kukatika, wanawake wa upande wa mume wanamzunguka na kumtaka ataje. Ataje nini? Mwanaume. Wanaamini kuna mwanaume aliyefichwa, naye ndiye aliyeharibu mambo humo ndani. Akitajwa, mambo yanafunguka. Usipokuwa naye, basi shida yako ni kubwa zaidi, kwa sababu hawatakuamini.

Akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya mahubiri, ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Alikuja kabla ya upasuaji, akaketi kitandani pangu, akakalia mguu wangu.

"Mama, taja paka jina ya ule mwanaume," aliniambia, yaani nitaje jina tu, wodi nzima ikisikia. "Hatutakasirika. Ukitaja, damu itasimama, na baganga habatakupasula."

"Sina mwanaume wa kutaja," nilimjibu.

"Kila muntu iko naye."

"Weye uko naye?"

Akainuka, akaondoka kwa hasira. Lakini alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku ile nilipotolewa chumba cha upasuaji nikiwa bado nasikia kichwa kinazunguka, sura ya kwanza niliyoiona ilikuwa yake. Alikuwa ameinama juu yangu, akingoja nitaje.

Jamani, nilikasirika. Na mimi nikikasirika sipigi kelele. Natafuta njia.

Njia nilipewa na Sista, mtawa aliyekuwa mkubwa wa wauguzi, bila yeye kujua. Nilimwuliza kizazi changu kimekwenda wapi. Akanieleza vizuri, kwa subira. Alisema hawakitupi. Wanakata vipande, wanavitia kwenye chupa yenye dawa kali, vinapelekwa laboratwari, yaani maabara. Huko yupo daktari mwingine anayevikata tena vyembamba kama ganda la kitunguu, anavitia rangi, kisha anavitazama kwa hadubini, mashine inayokuza vitu vidogo sana. Anataka kujua vivimbe vile ni vya aina gani, na kama kuna kansa. Majibu yangechelewa, kwa sababu mambo ya nchi yalikuwa yamevurugika na daktari wa hadubini alikuwa amebaki peke yake.

Nikamshukuru Sista. Nikafumba macho, nikaanza kutengeneza uongo wangu pole pole.

Wifi alipokuja, sikungoja aulize. "Dada," nilimwambia, "miye sina haja ya kutaja. Nyumba ya mutoto beko nayo ku labo. Kule kuko mashini. Inaona byote."

"Byote ya nani?"

"Ya miye, na ya bale benye kula na miye mu sahani moya. Munganga anaangalia ndani, anaona nani alikosa, nani alisema mubaya, nani aliiba. Atakuja kusoma hapa, mbele ya bantu."

Nilisema hivyo nikiwa nimeutazama ukuta, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Wifi akavuta kitenge chake mabegani, akasema anaenda kuangalia maharagwe yake jikoni. Ilikuwa asubuhi, na alikuwa amekuja bila kuacha maharagwe yoyote jikoni.

Wodi ikafurahi. Wanawake wote walijua ninamchezea, au nilidhani wote wanajua. Yule wa kitanda cha mlangoni alishika mshono wake ili asicheke. Kwenye kitanda cha jirani yangu, kile cha dirishani, alilala mwanamke mpole wa Ruashi, nitamwita Mama Ngosa. Naye alingoja kutolewa kizazi, lakini damu yake ilikuwa pungufu na ilibidi aongezewe kwanza. Alikuwa anafuma kofia ya mtoto. Nilimtazama ili tucheke pamoja, nikaona ameinamisha kichwa. Nikadhani anahesabu nyuzi.

Wifi alirudi jioni ile ile, peke yake, amebeba bakuli la kuku.

"Ile kitenge yako," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona. "Ile ya maua ya manjano, yenye ilipotea siku ya bunduki. Haiko ba-ONU baliiba. Ni miye."

Tulipokuwa tumejificha ndani wakati wa mapigano, kitenge kile kilipotea kwenye kamba ya kuanikia. Nililaani nchi ngeni hata ambazo sijui ziko wapi. Kumbe maua yangu ya manjano yalikuwa yamelala salama sandukuni kwa wifi.

Nikamwambia nimemsamehe. Nikala kuku. Alikuwa mtamu kweli.

Kisha akaja mdogo wao, akakiri kwamba ndiye aliyesambaza habari kuwa bukari yangu, yaani ugali, haiivi. Akaja jirani yetu ambaye hata si ndugu, akakiri jambo la kuku wangu aliyepotea, na nikatambua kwamba habari ya mashine imeshatoka nje ya hospitali na inatembea mjini kwa miguu yake. Nilikuwa kama padri, nimelala, napokea watu. Kila aliyeingia alibeba chakula. Sijawahi kula vizuri vile tangu nizaliwe.

Halafu akaja mume wangu.

Alivua kofia. Aliketi kwenye kigoda, hakunitazama. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na siku zile za mapigano hakurudi nyumbani. Alituambia lori lilizuiwa njia ya Luano, akalala chini ya magurudumu, akala mihogo mibichi. Nililia kwa ajili ya mihogo ile. Niliisimulia hata kanisani.

"Mama," alisema, "kabla munganga asome, afazali miye niseme. Zile siku ya bunduki, sikukuwa ku Luano. Nilikuwa Makomeno. Kwa mwanamuke moya."

Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka, na cheko likanikwama. Mshono wangu haukuuma, kilichouma kilikuwa juu yake. Mimi nilikuwa uvunguni na watoto, risasi zinapiga mabati, naomba Mungu amlinde mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha watu mtaani Makomeno, anakula samaki.

"Ulikula samaki?" nilimwuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Nilikula," alisema.

Nikamwambia aende. Akaenda. Nikageukia dirisha, nikamkuta Mama Ngosa ananitazama. Alikuwa ameacha kufuma, uso wake umekuwa wa majivu. Alikuwa amesikia yote. Na mimi, badala ya kuona hofu yake, nilidhani ananihurumia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku yake ya kupasuliwa. Sista alikuja na kitanda cha magurudumu, akakuta shuka limekunjwa vizuri na ile kofia ya mtoto imeachwa juu ya mto. Mama Ngosa alikuwa ameondoka alfajiri na wauza mkaa.

"Alisema nini?" Sista aliuliza wodi nzima.

Yule wa kitanda cha mlangoni akasema, "Alisema hapendi mashini isome tumbo yake mbele ya bantu."

"Mashine gani inayosoma mbele ya watu?"

Vichwa vyote viligeuka kwangu. Hata mgonjwa aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe, naye aligeuka.

Sista alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Aliketi pale wifi alipozoea kuketi, akasema kwa sauti ndogo kwamba daktari ameona kitu asichokipenda kwenye mlango wa kizazi cha Mama Ngosa. Alimwambia wazi asikawie. Ikiwa ni kile anachokiogopa, kikitolewa sasa atapona. Kikiachwa, kitamla.

"Wewe umemfukuza," alisema Sista. "Wewe utamrudisha."

Siku nilizobaki hospitalini chakula kilikuwa kinaletwa bado, lakini sikukionja. Nilikuwa nakiangalia kitanda kile cha dirishani kitupu. Hapo awali kila mtu alikiogopa kwa sababu ya risasi. Bunduki ziliponyamaza kila mtu alikitamani, maana ndugu zako wangeweza kukupitishia sahani pale dirishani bila kumngoja Sista afungue mlango. Sasa hapakuwa na aliyetaka kukilalia.

Niliporuhusiwa kutoka, sikwenda nyumbani. Nilimwomba wifi anisindikize Ruashi, kwa kuwa nilikuwa natembea nimejikunja, na hapakuwa na mwingine mwenye mabega ya kuegemea kama yake. Njiani ilibidi nimwambie ukweli. Nilimwambia mashine haioni kitu ila nyama.

Alisimama katikati ya barabara.

"Haioni kitenge?"

"Haioni."

"Haioni na Makomeno?"

"Haioni."

Alinitukana kuanzia pale hadi kizuizi cha wanajeshi wa Katanga. Mmoja wao, bunduki begani, akatuuliza tunakwenda wapi. "Tunaenda kutafuta mugonjwa," wifi alimjibu. "Huyu alimufukuza na kinywa yake. Mumukamate." Mwanajeshi alinitazama nilivyojikunja, akaona hakuna cha kukamata, akatuachia.

Tulipofika kwa Mama Ngosa tulikuta uani wanawake wameketi kwenye mikeka, na mumewe amesimama pembeni na ndugu zake, mikono nyuma. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Nilisikia sauti ya mama mkwe wake kutoka ndani, na maneno yalikuwa yale yale ambayo wifi alikuwa ananiambia mimi.

"Taja, mwanangu. Muntu hakimbie munganga bule. Unaogopa nini? Taja."

Kumbe kutoroka kwake ndiko kulikowaamsha. Nilikuja na hotuba yangu tayari kichwani. Nilitaka kusimama uani na kutangaza kwamba mashine haioni dhambi, kwamba nilidanganya, arudi tu hospitali. Sasa niliona kwamba nikisema hivyo nimemmaliza. Wangeuliza mara moja: kama alikimbia mashine inayoona dhambi, alikuwa na dhambi gani? Ningemtoa kwenye kisu cha daktari na kumtia kwenye mikono ya ukoo, na akitoka humo, asingekuwa na nyumba.

Na nikikaa kimya, kile kitu kilichokuwa mlangoni mwa kizazi kingeendelea kula.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikadanganya tena.

Nilipiga magoti pale mchangani, mshono ukinivuta, nikalia kwa sauti. "Bababa na bamama, munisamehe! Ni miye nilimufukuza."

Mama mkwe akatoka nje.

"Nilitaka kitanda yake," nilisema. "Ile ya dirisha. Bale bagonjwa ya dirisha banakula muzuri, chakula inapita paka pale. Nilimuambia asipoondoka atakufa. Nilimuambia kila mwanamuke wa kitanda ile anatoka paka mu sanduku. Njo sababu alikimbia. Hana na kosa. Ni wivu yangu, na tumbo yangu."

Nilingoja. Wanawake walinitazama tangu kichwani hadi miguuni. Nilijua wasipoamini, tumekwisha wote wawili.

Wifi alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ananijua, na tangu barabarani alikuwa anajua ukweli wote. Nilihisi anavuta pumzi, nikaogopa. Sauti yake ya mahubiri ikapanda juu ya mabati ya Ruashi.

"Ni kweli!" alisema. "Huyu njo hivi. Sisi bakwe tunateseka naye. Anapenda chakula kama nini! Hata bukari yake haiive, ni juu ya kula kabla iive."

Aliendelea. Wifi alisema mambo yangu ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia. Alisema kwa raha, akanilipa kitenge, akanilipa kuku, akanilipa kila neno nililomnong'onesha kitandani. Mimi nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, uso chini. Mama mkwe wa Mama Ngosa aliweka mikono kiunoni, akaniita jina ambalo siliandiki. Mumewe akatema mate pembeni. Kisha akaenda kwenye mlango na kusema, kwa sauti laini, "Mama Ngosa, toka. Ni mambo ya kitanda tu. Tunakurudisha leo."

Alitoka. Alisimama mlangoni akanitazama pale chini, na alielewa. Nilijua ameelewa kwa sababu alishika kizingiti, kama mtu aliyekuwa anaanguka.

Alipasuliwa wiki ile ile. Tulikwenda pamoja kusikia majibu yetu, tukaketi kwenye benchi ya hospitali. Daktari aliniita kwanza. Alisema vivimbe vyangu vilikuwa nyama tu, havina kansa, ila ngozi ya ndani ya kizazi ilikuwa imejipenyeza kwenye msuli wake, ndiyo maana damu na maumivu. Nilimwuliza kama ameona kitu kingine. Akasema hapana. Niliuliza mara mbili, Mungu anisamehe.

Kwa Mama Ngosa, kansa ilikuwepo. Ilikuwa imeanza tu, pale pale mlangoni mwa kizazi, na vipande vya pembeni vilikuwa safi. Imetoka yote, daktari alisema. Angekawia, asingemwahidi kitu.

Tulirudi kwenye benchi. Hakulia. Alinishika mkono, na kwa sauti ndogo, bila kuulizwa na mtu, akaniambia kile alichokuwa anakiogopa.

Aliishi. Alizeeka. Kofia ile aliimalizia, ikavaliwa na mjukuu, na nyumba yake haikuvunjika. Mimi kule Ruashi nikabaki Mama Dirisha. Nikipita sokoni wakati ule, wanawake walifunika vyungu vyao. Mume wangu aliposikia kwamba mashine haioni Makomeno, alisema laiti angejua. Nilimwambia laiti ningejua mimi. Nilimsamehe, lakini ilichukua muda, na sijawahi tena kumpikia samaki. Hiyo ndiyo gharama niliyolipa, pamoja na jina.

Sasa ninyi mnaosoma. Dada zangu, mkiambiwa kipande chenu kinapelekwa kupimwa, kiacheni kiende. Wanatazama nyama, basi. Na ninyi wenye midomo kama wangu, mnaopenda kuchekesha wodi, kabla ya kufungua mdomo geukeni kwanza mtazame kitanda cha pili. Angalieni ni nani ambaye hacheki.

Najua mnataka kujua Mama Ngosa aliniambia nini kwenye benchi ile. Wifi yangu pia anataka. Amenibembeleza miaka yote hii, na mwishowe alifungua sanduku lake, akatoa kitenge changu cha maua ya manjano, akaniletea kimekunjwa vizuri, ili nimwambie.

Nimekipokea. Nakivaa Jumapili. Sijamwambia.